Masta ya afya ya umma: anayesoma arudi kwenye eneo lake la afya

Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2 200 Kivu Kaskazini na Ituri. Septemba 2023, aina mpya ya mpox ilianza kuenea Kamituga, Kivu Kusini. Mara zote mbili dawa peke yake hazikutosha. Walihitajika watu wa kuhesabu wagonjwa, kufuatilia waliokutana nao na kuzungumza na wakaaji wenye mashaka. Hiyo ndiyo kazi inayofundishwa katika masta ya afya ya umma.

Masomo hayo yapo nchini: Kinshasa, Lubumbashi, hata Bukavu. Lakini daktari au muuguzi wa serikali akiyamaliza, mara nyingi anaishia kwenye ofisi ya shirika la kigeni mjini. Tusimlaumu. Karo amejilipia mwenyewe, na mshahara wa serikali ni mdogo, tena unachelewa.

Kongo ina maeneo ya afya 519. Wizara ya Afya ianze na yale yaliyopigwa na milipuko: imlipie masomo mtumishi mmoja wa kila eneo, naye asaini kurudi kutumika pale miaka mitano. Ahadi hiyo iwe ya pande mbili: mshahara umfikie kila mwezi.

Bila hivyo, mlipuko ujao utatukuta tena tukingojea wataalamu washuke na ndege kutoka Kinshasa na Geneva, huku mwenye kuujua ugonjwa na lugha ya wakaaji yuko mjini akiandika ripoti.