Mwana Hasemi, Unangoja Nini?

Hebu twende pamoja hadi ufuoni Usenge, Kaunti ya Siaya. Omena zimetandazwa juu ya nyavu, na mama mmoja anazigeuza huku mwanawe wa miaka mitatu ameng'ang'ania leso yake. Mtoto huyu hasemi. Akitaka maji, humvuta mamaye mkono, basi.

"Usijali, nyar Sakwa," jirani amwambia. "Hata babake alichelewa. Mkateni kilimi, ataongea kama kasuku!"

La hasha! Kilimi hakina hatia. Wembe huleta damu na maambukizi; maneno hauleti. Swali la kwanza ni hili: je, mtoto anasikia? Usiridhike kwamba hugeuka ukipiga makofi, kwani wapo viziwi wanaohisi kishindo tu. Apimwe masikio hospitalini. Bondo si ngeni kwa jambo hili: shule ya viziwi ya Nyang'oma ilifunguliwa mwaka wa 1961, miongoni mwa za kwanza nchini.

Iwapo anasikia, mtafute mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Usitarajie sindano wala chupa ya dawa. Ataketi sakafuni na mwanao, ashike mpira, angoje mtoto atoe sauti au ishara, ndipo auviringishe. Kisha atakuonyesha jinsi ya kufanya vivyo hivyo nyumbani, wakati wa kuoga na kula, maana kazi kubwa iko huko. Wapo wazazi wanaonung'unika eti wamelipa nauli hadi Kisumu kumtazama mtu mzima akicheza! Mtaalamu huyohuyo humsaidia mwenye kigugumizi, na hata mzee aliyepatwa na kiharusi akawa anapaliwa na uji.

Kweli, wataalamu hawa ni wachache, na wengi wako mijini. Chuo Kikuu cha Makerere, jirani zetu Uganda, kilianza kufundisha shahada hii mwaka wa 2008 tu.

Na mtu akikushauri uache Dholuo ili mtoto ashike Kiingereza upesi, kataa. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Akinyimwa ya nyumbani, atasema nini na nyanyake?

Afikapo miaka miwili, mtoto huwa anaunga maneno mawili, tuseme "Mama bi". Wa nyar Sakwa ana mitatu. Matatu za Bondo zipo tangu alfajiri, na omena jirani atazigeuza.