MOTOKARI YA JAMAA: Mafare yako yanamwangazia nani?

Mwezi uliopita tuliongea juu ya batri. Leo tuende mbele kidogo ya kapo, tufike ku mafare.

Wewe mwenyewe unajua barabara ya Lubumbashi na Likasi. Kilometa 120 hivi, na Kolwezi inafika karibu 300. Ulisema utatoka saa nane ya mchana. Mara huyu anakuja na mzigo, mara yule anatafuta kitambulisho chake, na magaribi inakukuta ungali njiani. Taa za barabarani hakuna. Makamiyo ya shaba yanakuja mbele yako moja nyuma ya ingine. Na kando ya barabara, upande wako wa kuume, kuna baba anayesukuma kinga yenye mifuko ya makala. Nguo yake nyeusi, makala nyeusi, kinga haina hata kipande cha kioo nyuma. Huyo baba njo mutu ninayetaka umukumbuke mpaka mwisho wa ukurasa huu.

Fanya hesabu pamoja na mimi. Kama unatembea kilometa 80 kwa saa, motokari inakula mita 22 kila sekunde. Jicho linaona, mguu unatafuta frein: sekunde moja imepita, mita 22 zimekwisha. Kiisha, hata kama barabara ni kavu na pineu ni nzuri, inabaki mita zaidi ya 30 mbele motokari haijasimama. Jumla ni karibu mita 55 ao 60. Na kode ya kawaida inaonyesha mita 40 mpaka 60. Mutu wa nguo nyeusi, hata hazifike. Maana yake, na kode nzuri kabisa, kwa 80 tayari unatembea kwa bahati.

Kwa hiyo siwalaumu wale wanaotaka kuongeza mwanga. Mimi pia nilitaka. Nilienda ku soko nikanunua ampuli mbili za LED, nyeupe kama sahani mpya. Kijana aliyeniuzia alisema: «Papa, na hizi utaona mpaka Zambia!» Nilizivalisha mwenyewe, dakika kumi tu, bila fundi. Usiku nikaziwasha mbele ya nyumba, watoto wakapiga mikono. Nilijiona mwenye mayele.

Siku ya tatu nikashika njia ya Likasi. Kila motokari iliyokuja mbele ilinipigia mafare. Niliwaza: bantu hawa wana wivu. Kisha shofa wa kamiyo mmoja, tulipokutana ku bariere, akashuka akaniambia kwa heshima: «Baba, wewe unaona vizuri, lakini sisi wote unatupofusha.» Na nikuambie kweli, sikuwa hata nikiona vizuri. Mbele ya pua ya motokari kulikuwa kweupe kabisa, lakini mbali kulikuwa giza kuliko zamani. Jicho likizoea weupe wa karibu, haliwezi tena kuona cha mbali.

Sababu ni hii. Motokari zetu nyingi ziko na ampuli inayoitwa H4. Ilitoka mwaka 1971 na ingali inafanya kazi. Ndani yake kuna nyuzi mbili ndogo: moja ya wati 60 kwa fare ndefu, ingine ya wati 55 kwa kode. Chini ya ule uzi wa kode kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe kile kinazuia mwanga usigonge sehemu ya chini ya kioo cha ndani, ule mwanga ambao ungerudi juu, mu macho ya wengine. Fare yote ilichongwa kwa kufuata uzi ule: mahali pake, urefu wake, unene wake. Sasa wewe unatoa uzi, unatia vipande vya LED vilivyobandikwa ku pande mbili za chuma kipana. Mwanga ni mwingi, lakini hautoki mahali fare inapoungojea. Unamwagika po pote. Hata ku Ujerumani, mwaka 2020 njo walianza kuruhusu ampuli fulani za LED mu mafare ya halojeni, na ni kwa motokari zilizoandikwa ku liste tu, moja moja, baada ya kupimwa. Ile ya soko letu nani aliipima?

Wengine wanasema: basi niache LED, nitie H4 ya wati 100 na 90. Angalia. Ampuli mbili za kawaida, kode, zinavuta ampere 9 hivi. Zile za 90 zinavuta 15. Nyuzi za motokari na komodo (kile kijiti unachogeuza karibu ya usukani) havikutengenezwa kwa mzigo ule. Fizibu ya 15 itaruka, kisha fundi atakuwekea ya 30 ili «isisumbue». Hapo njo unanunua hatari. Mimi nilimuona jirani ambaye komodo yake iliyeyuka kama mshumaa, mafare yote mawili yakazimika mara moja, usiku, ku mteremko. Alisimama bila kugonga mutu. Ni kwa sababu alijua ile njia. Na hata kama nyuzi zinavumilia, joto linachoma rangi ya feza ndani ya fare. Kiisha miezi michache kioo cha ndani kimekuwa cha kijivu, na mwanga ni mudogo kuliko ule wa mbele.

Na zile ampuli za halojeni zilizopakwa rangi ya bluu? Rangi inazuia mwanga. Unalipa zaidi upate kidogo. Wazee watakumbuka Peugeot na Renault zenye mafare ya manjano. Ufaransa walilazimisha rangi ile tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka 1993, kisha wakaiacha. Mafare hayaangazi kwa rangi.

Sasa tufanye nini? Mbele ya kununua kitu, tutafute mahali mwanga wako wa zamani ulipopotelea. Mara nyingi motokari haikosi ampuli kubwa. Ile ndogo iko na njaa.

Omba voltimetri kwa jirani, hazikosi mu cité. Washa moto wa motokari, washa kode. Pima ku batri: utaona karibu volti 14. Sasa pima nyuma ya ampuli yenyewe, bila kuichomoa. Ukiona 13 na nusu, shukuru. Ukiona 12 ao chini, umeme unaliwa njiani: nyuzi nyembamba, komodo iliyochoka, kose zenye kutu ya kijani. Na ampuli ya halojeni haina huruma kwa jambo hili. Ukipunguza umeme wake kwa sehemu moja ya kumi, mwanga unapungua karibu sehemu tatu za kumi. Ndiyo, tatu! Pima pia masi: ncha moja ku mguu wa masi wa ampuli, ncha ingine ku negatifu ya batri. Inapaswa kuwa karibu sifuri. Kama inapanda, chukua papie vere, safisha mahali uzi wa masi umefungwa ku chuma, kaza vis, paka grisi. Kazi hii haikuombi hata franka moja, na kwa motokari nyingi inatosha.

Kama haitoshi, weka rele mbili, moja kwa kode, moja kwa fare ndefu. Kwanza fungua negatifu ya batri. Vuta uzi munene, wa milimeta 2,5, toka pozitifu ya batri. Fizibu ya ampere 15 iwe karibu kabisa na batri, si mbali. Uzi uingie ku mguu 30 wa rele, na toka mguu 87 uende ku soketi mpya ya ampuli, ya poselene kama unaipata. Ile miguu ingine, 85 na 86, iunge ku nyuzi za soketi ya zamani: ule wa kode na ule wa katikati unaotumika kwa zote mbili. Sasa komodo itafanya kazi ya kuita tu. Mzigo utabebwa na rele. Shika neno hili: ku Toyota nyingi komodo inakata upande wa masi, si upande wa pozitifu. Fundi asiyejua ataunga mguu 85 ku masi kama alivyofundishwa, na rele haitasikia kitu. Ukiunga ku nyuzi zote mbili za zamani kama nilivyosema, shida ile hauioni. Na kama haujawahi kugusa umeme wa motokari, mwite mutu anayejua, wewe umushikie tochi.

Ampuli mpya usiishike ku kioo na vidole. Mafuta ya ngozi yanakaa pale, joto linayachoma, ampuli inakufa mbele ya siku yake. Umeishika? Pangusa na kitambaa na alkoli.

Kioo cha mbele kikiwa cha plastiki na kimekuwa cha manjano, jua njo limekifanya vile. Dawa ya meno inasaidia siku chache, watu wanaipenda, siwakatazi. Kazi ya kweli ni papie vere ya maji, namba 800, kisha 1000, kisha 2000, maji mengi, kisha pate ya kung'arisha, na mwisho verni inayozuia jua. Bila verni utarudilia kazi mbele ya mwaka kuisha. Na mu kipindi cha kiangazi, vumbi yetu nyekundu, kitambaa chenye maji kila magaribi. Motokari zinaoshwa kila Jumamosi juu na chini, na mafare yanaachwa na tope!

Nimefika ku neno ambalo lilinifanya niandike ukurasa huu. Angalia usukani wako. Uko kuume?

Motokari nyingi zinazofika kwetu zilitumika Japani, ao zinatoka ku inchi za kusini, kule wanatembea upande wa kushoto. Hapa tunatembea upande wa kuume. Bantu wanafikiri tofauti ni usukani tu, kwamba shida ni kupita kamiyo bila kuona mbele. Lakini mafare pia yalichongwa kwa njia ya kushoto. Kode haiko sawa pande mbili: ku upande wa pembeni ya barabara inapanda kidogo, ili imulike watembea kwa miguu, na ku upande wa katikati inabaki chini, ili isipofushe wanaokuja. Motokari ya kushoto inapandisha mwanga kushoto. Ukiileta kwetu, mwanga unaopanda unaingia mu macho ya shofa anayekuja, na pembeni ya kuume, pale baba wa makala anaposukuma kinga, inabaki giza. Umegeuza mambo yote mawili mara moja. Na ukiongeza nguvu ya ampuli, unaongeza kosa lile lile.

Dawa nzuri ni kutafuta mafare ya motokari ileile iliyotengenezwa kwa usukani wa kushoto. Toyota nyingi zilitengenezwa kwa pande zote mbili. Fungua kapo, linganisha mahali pa kufunga mbele ya kulipa. Kama feza haijapatikana, fanya hivi. Simamisha motokari mbele ya ukuta, kode zimewashwa. Utaona mstari wa mwanga, na ku kushoto kipande kinachopanda. Chukua kipande cha karato, kipitishe polepole mbele ya kioo cha fare mpaka kipande kile kinapotea ku ukuta na mengine yote yanabaki. Tia alama pale. Bandika skochi nyeusi ya mafundi wa umeme, ndogo tu, ku fare zote mbili. Ichunguze kila wiki, maana joto linaichokesha. Pembeni ya kuume haitaangazwa zaidi kwa skochi hii, usijidanganye. Umeacha tu kumupofusha anayekuja. Kwa hiyo punguza mwendo.

Mwisho ni kupima. Pineu zijazwe vizuri, mizigo iwe ile ya kila siku, mama ao mtoto mkubwa akae ku kiti cha mbele. Mahali pawe sawa kama meza. Pima urefu toka chini mpaka katikati ya fare, tia alama ya chaki ku ukuta kwa urefu uleule. Rudisha motokari nyuma mita 10. Mstari wa juu wa kode unapaswa kuanguka sentimeta 10 chini ya chaki. Nyuma ya fare kuna vis ya kupandisha na kushusha. Geuza polepole na turnevisi, fare moja imefunikwa na koti wakati unapima ingine.

Mimi nilirudisha ampuli zangu za 55, nikasafisha masi, nikaweka rele, nikapima. Ile LED iko ndani ya sanduku, watoto wanaichezea. Alama ya chaki ingali ku ukuta wa nyumba yetu, nimeipitia na rangi nyeupe juu mvua inaifuta. Jumamosi magaribi jirani wanakuja mmoja mmoja na motokari zao, na mke wangu amechoka kuhamisha nguo zake ku kamba.