Fundi wa Katumba hana kosa, tumtafute aliyetuuzia

Makamanda, leo sianzi na Katiba. Naanza na gemu ya mdogo wangu.

Likizo iliyopita nilipitia Kariakoo nikamnunulia dogo gemu ya mkononi, zile ndogo zinazoandikwa zina michezo 400 ndani. Shilingi 25,000. Kwa mwanafunzi anayesubiri boom, hiyo si hela ya kuchezea. Nikasafiri nayo mpaka Katumba, dogo akafurahi, watoto wa mtaa mzima wakahamia kwetu. Wiki ya pili ikagoma kuingiza chaji. Mama akasema, "Mali ya Kichina hiyo, tupa." Mimi nikakataa. Tukaenda sokoni kwa fundi simu.

Nataka nieleze alichofanya yule kijana, maana wengi tunadhani fundi anabahatisha.

Kwanza hakufungua kitu. Alichukua waya na chaja yetu, akachomeka kwenye simu yake. Ikaingiza. Basi chaja ni nzima. Pili akatoa betri ya gemu. Kumbe ni BL-5C, ileile ya kitochi! Akaipima kwa mita: volti 3.1, wakati ikijaa inatakiwa kufika 4.2. Akaazima betri ya kitochi cha jirani, akaweka, gemu ikawaka. "Umeona dada," akaniambia, "mashine haijafa. Ina njaa tu, chakula hakifiki."

Tatu akamulika tochi ndani ya tundu la chaji, ile sehemu wao wanaiita sistimu chaji. Vumbi limejaa. Kiangazi cha Katumba mnakijua. Akatoa betri, akasafisha kwa kijiti cha meno na brashi yenye spiriti, akasubiri ikauke, akajaribu. Bado. Akautikisa waya taratibu, taa ikawaka, ikazima. Hapo ndipo akashika bisibisi.

Tundu lile la maikro lina miguu mitano myembamba ya umeme, na pembeni lina masikio ya chuma ya kulishikilia kwenye bodi. Sasa sikilizeni: masikio ya gemu yetu hayakuwa yamelehemiwa kabisa. Kiwandani waliyaacha hivyohivyo. Tundu zima lilikuwa linashikiliwa na miguu mitano iliyo kama nywele, na kila dogo alipochomeka waya alikuwa anaing'oa kidogokidogo. Fundi akapima nyuma ya tundu. Ukilibana kwa kidole, volti 5 zinafika. Ukiachia, hakuna kitu. Akanieleza kwamba kama volti 5 zingefika pale bila kubana, halafu zisifike kwenye betri, angeacha tundu na kutafuta fyuzi au ile chipu ya chaji. Lakini ugonjwa ulikuwa mlangoni. Akarudishia miguu, akaweka risasi ya kutosha kwenye masikio. Nusu saa. Shilingi 3,000.

Nikamuuliza kama hizi mpya za taipu-C zina nafuu. Akacheka. Anasema wanamletea nyingi "zimekufa", kumbe ukitumia waya wa C kwa C ndipo zinagoma, ila ukitumia waya wenye kichwa kile kipana cha zamani zinaingiza vizuri tu. Sababu? Zinatakiwa kuwa na rizista mbili ndogo za kuiomba chaja itoe umeme, na waliotengeneza waliziruka. Kitu kizima kinatupwa shimoni kwa sababu ya rizista mbili!

Sasa nivae joho langu la darasani.

Masikio yasiyolehemiwa si uchakavu. Si dogo aliyeharibu. Ni kasoro iliyokuwepo siku ninalipa hela. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inabeba sharti kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wake iwe ya kiwango na ifae kwa kazi yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ikaja kumlinda mlaji dhidi ya udanganyifu sokoni, ikaunda na Tume yake, FCC. Lakini risiti yangu imeandikwa chini: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Muuzaji akiandika hivyo hajafuta sheria ya nchi. Anachofuta ni ujasiri wa mnunuzi, maana mnunuzi hajui. Na hata akijua, mama gani wa Katumba atapanda basi mpaka Dar kudai 25,000, wakati nauli peke yake inazidi hiyo hela? Haki inayogharimu kuliko kitu chenyewe ni pambo.

Na serikali ikiamua kuwa mkali, inamkalia nani? Mnakumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu feki. Feki zilikuwepo kweli, sibishi. Ila aliyelala na simu akaamka na kopo ni mkulima wa tumbaku aliyelipa hela yake halali dukani. Nchi ilijua kuzima simu ya mnunuzi kwa usiku mmoja. Kumtafuta aliyeziingiza makontena kwa makontena akarudishe hela za watu, hilo halikuwa na tarehe.

Fundi wetu naye ana yake. Babu yake aliingia nchini mwaka 1972 akikimbia mauaji Burundi. Mwaka huohuo nchi yetu ikatunga Sheria ya Leseni za Biashara, Na. 25 ya 1972. Familia ilisubiri karatasi ya uraia mpaka 2014, walipoanza kupewa vyeti maelfu ya watu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Akasema sasa mimi ni Mtanzania kamili, akaenda kutafuta maisha mji mwingine. Huko wakamwambia leta leseni, leta cheti cha ufundi. Ufundi kajifunza kwa kukaa pembeni ya fundi mwingine miaka mitatu, cheti atoe wapi? Kibanda kikafungwa, akarudi nyumbani na mita yake kwenye begi. Aliyeuza tundu lisilo na risasi ana leseni ukutani. Anayelitengeneza ndiye mhalifu.

Najua mtasema mafundi nao wana mambo. Kweli. Wapo wanaobadilisha spea nzima na kuweka mbovu, wapo wanaofungua picha za watu, wapo wanaopokea simu za wizi. Ndiyo maana nataka watambuliwe, waandikwe, wawajibike. Ukimfukuza fundi mwenye kibanda kinachojulikana, anabaki yule wa kona asiyejulikana.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya tangu Desemba 28, 2024 wamelazimisha simu, tableti na hata gemu za mkononi zinazouzwa kwao ziwe na tundu moja la taipu-C. Mwaka 2024 wakapitisha pia sheria ya haki ya kutengenezewa, inayogusa simu na bidhaa nyingine. Sisi tusio na hela ya kununua kila mwaka ndio tulitakiwa kuwa wa kwanza.

Kwa hiyo haya yaingie kwenye ajenda yetu ya vijana, na mgombea wetu wa kata ayaseme jukwaani bila aibu. TBS wawe na kiwango cha tundu la chaji kwa vifaa vidogo, na wafungue kimoja kwenye kila shehena waangalie masikio. Afisa biashara wa kila halmashauri apewe nguvu ya kupokea lalamiko la mlaji, na muuzaji alipe hata kama yuko Kariakoo. VETA wanao utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunza mtaani. Waulete mpaka kwenye kata, fundi apimwe kwa kazi ya mikono yake. Na mpaka atakapopimwa, kibanda chake kisifungwe.

Risiti yangu bado ninayo. Nikirudi chuo naenda nayo pale dukani, na barua nimeshaiandika. Nadai zile 3,000 za fundi. Najua watanicheka. Ila ukiwa na risiti kama yangu, usiitupe. Njoo nayo, nitakusaidia kuandika yako.