Likizo ya Unguja Isiwe ya Kupunga Upepo Tu

Likizo ni haki ya mfanyakazi, wala si hisani ya mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za mapumziko kwa mwaka. Hata hivyo, wengi wetu katika wilaya za Kasulu na Kibondo huzimaliza siku hizo shambani, au katika mashauri ya ukoo, au tukiwa tumekaa tu nyumbani. Wachache wanaobahatika kuvuka bahari hadi mji wa Unguja hurudi na picha za ufukweni na kanga za zawadi. Kupunga upepo si kosa. Kosa ni kudhani kwamba mji ule hauna habari yoyote inayotuhusu sisi watu wa milimani.

Ukweli ni kinyume chake. Mwaka 1871 Stanley, aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alinunua Unguja marobota ya nguo, shanga na nyaya kwa ajili ya safari yake ya bara. Msafara wake ulipoingia nchi ya Buha, yaani nyumbani kwetu hapa, watawala walimdai hongo, ambayo siku zile ilikuwa ushuru wa njia. Alilipa, akadaiwa tena, akalipa tena. Hatimaye akaamua kuwapenyeza watu wake porini usiku ili afike Ujiji akiwa angali na mali. Basi mwalimu anayefundisha habari za Ujiji asiishie kwenye kuamkiana kwa Wazungu wawili. Awaulize wanafunzi wake: nguo zile zilitoka wapi, na bara ilitoa nini badala yake?

Jibu la swali hilo liko Unguja. Bara ilitoa pembe za ndovu, na ilitoa watu. Huko Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, leo pana Kanisa Kuu la Kianglikana. Katika Mji Mkongwe huo huo imo nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara aliyejijengea mamlaka makubwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mtu wa Kigoma anayesimama mbele ya nyumba ile hatazami historia ya watu wengine. Anatazama mwisho wa njia iliyoanzia mlangoni pake.

Liko na jambo la lugha. Kiswahili sanifu tunachofundishia na kusahihishia mitihani kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, na kazi ya kukisanifisha ilikabidhiwa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Mtoto wa Kasulu huja shuleni na Kiha chake, na mara nyingi mwalimu wake naye amekipata Kiswahili kitabuni. Siku tatu za kusikiliza maamkizi, mizaha na methali katika soko la Darajani na kwenye baraza za vichochoroni zitamfaa mwalimu huyo kuliko madaftari mengi ya sarufi.

Watakuwapo watakaosema kwamba mshahara hautoshi. Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Kutoka Kasulu hadi Dar es Salaam ni safari ndefu, hata kabla ya kupanda boti. Kwa hiyo safari hii isifanywe kila mwaka, wala isifanywe kwa mkopo. Walimu wa shule moja waweza kuweka akiba pamoja kwa miaka miwili au mitatu, wakalala katika nyumba ya wageni ya kawaida na kula chakula wanachokula wenyeji. Aidha, waende na adabu: mavazi ya staha, ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na kutokula hadharani katika mwezi wa Ramadhani.

Tena, tusidhani kwamba mji ule utatusubiri milele. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini heshima hiyo haikuizuia sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mawe na chokaa vina umri wake.

Hapana budi basi mtumishi anayekwenda Unguja achukue daftari pamoja na nguo zake. Na walimu wakuu wa shule zetu wamtengee kila mwalimu arudiye kutoka likizo saa moja ya kuwasimulia wanafunzi na walimu wenzake aliyoyaona. Jambo hili halihitaji waraka wala fungu la fedha. Kwa njia hiyo likizo ya mtu mmoja itawafaa watoto mia ambao bado hawajaiona bahari.