Chotara si Nusu ya Mtu

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Swali linalonikabili ni hili: mwenye mila mbili akiiacha moja, je, atakuwa mtumwa nusu?

Mimi ni mzaliwa wa Msambweni. Mama yangu ni Mdigo na baba yangu ni wa asili ya Gujarati. Jina tulilobandikwa utotoni ni chotara, na kwa wengi lilimaanisha mtu asiyekamilika. Ajabu ni kwamba, kwa desturi, sisi tulikamilika mara mbili. Wadigo wa kale walihesabu ukoo kwa mama, nao Wagujarati huuhesabu kwa baba. Mtoto kama mimi alistahili kudaiwa na pande zote mbili. Badala yake, kila upande ulimsukumia mwenziwe.

Mnamo Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa jamii ya 44 nchini. Mapema mwaka huo Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, nao walipewa vitambulisho. Hatua hizo nazipongeza. Hata hivyo, tangazo la serikali halimfundishi mtoto kumwamkia nyanyake. Nambari hutolewa Nairobi. Lugha hurithishwa jikoni.

Wapo wanaodai kwamba kuhifadhi asili ya Kihindi ni kujitenga na Waafrika. Hoja hiyo haina mashiko. Kila siku darasani twatamka bima, laki, gari na chapati. Maneno hayo yalivuka bahari pamoja na wafanyabiashara, yakakaribishwa. Iweje neno liwe mwenyeji, na mjukuu wa aliyelileta abaki mgeni?

Hatari kubwa imo ndani ya nyumba zetu wenyewe. Wazazi wengi wa ndoa kama hizi huchagua Kiingereza ili kuepuka ubishi kuhusu lugha ya nani ishinde. Matokeo yake, Chidigo na Kigujarati hushindwa pamoja.

Nawasihi walimu wa Diani, Msambweni na kwingineko wawape wanafunzi kazi moja: kila mmoja aandike maneno kumi ya wazee wa kuumeni na kumi ya kuukeni, pamoja na maana zake. Kifungu cha 44 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha na kushiriki utamaduni autakao. Haki hiyo yataka bidii, tena mapema, kwani wazee wetu hawatatungoja.