Kupompa pedale si kutengeneza freni

Wababa na wamama wa koperative, katika karatasi hii tumezoea kuongea mbegu, bilulu na stoki. Mimi ni agronome, si mekanisye. Lakini mahindi yakisha kuingia katika mifuko, kazi yetu yote inabaki mikononi mwa shofere, na mara nyingi chini ya mguu wake wa kuume kuna pedale laini kama mukate uliolala mu mayi.

Kila mutu anayepanda pick-up kutoka vijiji vya Sandoa kwenda Kasaji, kwenye reli, au kufika mpaka Kolwezi, amekwisha kusikia maneno haya: « Freni inashika tu, unapompa mara mbili, mara tatu. » Watu wanacheka, wanapanda juu ya mifuko, motokari inaondoka. Mimi nasema motokari ya namna hiyo isiondoke. Na nasema pia kosa kubwa haliko kwa shofere. Liko kwetu, katika namna tunavyomulipa.

Tuanze na pedale yenyewe. Ndani ya tiyo za freni kuna mafuta ya pekee. Mafuta hayo hayabanwi: ukisukuma huku, nguvu inatokea kule kwenye pine. Hewa inabanwa. Kama hewa kidogo imeingia katika tiyo, mguu unabana hewa kwanza, na pine inapata nguvu yenye kubaki. Njo maana pedale inakuwa laini.

Kuna namna tatu za kuisoma, na hakuna inayoomba mashini ya garaji. Simamisha motokari mahali pa sawasawa, weka mawe kwenye pine, washa moteri. (Ukiwasha moteri huku unakanyaga, pedale inashuka kidogo. Hiyo ni kawaida, ni ile nguvu ya moteri inayosaidia mguu.) Sasa kanyaga.

Kama pedale ni laini sawa mupira, na inapanda kila unapopompa, fikiri hewa kwanza. Kama mara ya kwanza inashuka chini sana, lakini mara ya pili inapanda na kuwa ngumu kabisa, tazama nyuma: garnitire zimekula, ziko mbali na tamburi, na zinahitaji kukaribishwa ao kubadilishwa. Kutosha hewa hapo ni kupoteza mafuta. Namna ya tatu njo inayoniogopesha. Kanyaga kwa nguvu, shikilia, hesabu mpaka 30. Kama pedale inaendelea kushuka polepole chini ya mguu, mafuta yanakimbia. Tazama upande wa ndani wa kila pine na kila mahali tiyo zinapoungana. Kama hakuna hata tone inje, basi mipira ya ndani ya pompu kubwa ya freni, ile wanayoita metre-silenda, imechoka. Motokari hiyo haiende hata kwenye soko la karibu.

Kuna pedale ingine inayodanganya: ni ngumu asubuhi, inakuwa laini kwenye muteremuko murefu, kisha inarudi ngumu ikisha kupoa. Mafuta ya freni yanavuta mayi kutoka hewani, mwaka kwa mwaka. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kwenye digri 230 ao zaidi. Yakisha kunywa mayi, kipimo kinachoombwa ni 155 tu. Yakichemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa sawa hewa. Sasa fikiria pick-up iliyotengenezwa kubeba tani 1. Ukiipakia mifuko 20 ya kilo 100, hiyo ni tani 2, na watu juu yake. Moto wote wa kuzuia uzito huo unaingia katika freni. Ukikuta mafuta meusi katika bokali, usiongeze mapya juu yake. Badilisha yote. Kila miaka 2 ni kipimo kizuri, hata kama motokari inatembea kidogo.

Na tafazali, tuache kumimina vitu. Mayi ya sabuni yanachemka kwa digri 100 na yanaleta kutu. Mafuta ya moteri yanavimbisha mipira yote, na hapo hautatengeneza kitu kimoja tena, utabadilisha pompu, mipira ya pine na tiyo za kaushu. Chupa moja ya litre 1 ya mafuta ya haki, isiyofunguliwa, ikae kwenye depo ya koperative pamoja na dawa za stoki. Lakini kwa mbali!

Kutosha hewa ni kazi ya watu wawili. Mumoja anakanyaga na kushikilia. Mwenzake anafungua visi kwenye pine, mafuta na hewa vinatoka kwa tiyo ndogo ndani ya chupa, anafunga visi, na kisha tu wa kwanza anaachilia mguu. Bokali isikauke hata mara moja, la sivyo munaanza upya. Wengi wamefundishwa kuanza na pine ya nyuma ya kuume, kwa sababu njo iliyo mbali zaidi na pompu. Ni kweli kwa motokari yenye volanti kushoto. Huku kwetu nyingi ziko na volanti kuume, na pine ya mbali ni ya nyuma kushoto. Tena, pick-up nyingi za Toyota ziko na valvu karibu na ekseli ya nyuma, inayopima uzito wa mizigo, na valvu hiyo iko na visi yake ya kutosha hewa. Mekanisye akiisahau, pedale inaweza kubaki laini, na wewe utaambiwa ununue pompu mpya.

Nimesema kosa liko katika malipo. Koperative nyingi zinalipa shofere kwa safari. Motokari ikilala garaji, yeye na watoto wake wanalala bila kitu. Tunamuomba aseme ukweli juu ya pedale, na ukweli huo unamunyang'anya chakula. Mutu gani atasema? Alipwe siku ya garaji pia, hata nusu. Na kabla ya kugawanya pesa ya mauzo, komite iondoe kitu kidogo kwa kila mufuko kwa ajili ya freni na pine, katika kitabu chake, mbele ya wote.

Najua jibu: « Munguzi anangoja, bei itaanguka. » Hapa narudia kwenye kazi yangu. Mahindi makavu yanaweza kungoja juma moja katika depo nzuri. Cossettes za muhogo zilizokauka vizuri pia. Muhogo mubichi hapana: ukisha kungolewa, siku 2 ao 3 unaanza kuharibika. Lakini ukiwa bado ndani ya udongo, unangoja hata miezi. Basi tugeuze taratibu: pedale ipimwe kwanza, kisha watu waitwe kungoa. Leo tunafanya kinyume, na muhogo uliorundikwa kando ya barabara njo unaomulazimisha shofere kuondoka.

Kwa koperative zinazokodi motokari, nazo ni nyingi: kabla ya kutoa avansi, mutu wenu apande ndani, akanyage pedale, ahesabu mpaka 30, afungue kapo atazame bokali. Dakika 5. Mwenye motokari akikataa, avansi ibaki katika kesi, mutafute ingine.