Nyamchom ya Kitengela Tunaipenda, Lakini Nani Anamchunga Msee wa Kichinjio?

Wikendi ikifika, Kitengela yote inanukia moshi wa choma. Magari yanateremka barabara ya Namanga kutoka Nairobi, mbuzi anaagizwa kwa kilo, kachumbari inakatwa, na form inaiva. Kitu hakuna mtu huuliza ni hiki: kabla hiyo nyama ifike kwa meko, ilipitia mikono ya nani, na hiyo mikono ilikuwa na glavu?

Relax, hatuko hapa kukuharibia mlo. Nyama ikiiva poa, vijidudu vingi vinakufa. Mwenye yuko kwa hatari kubwa kuliko wewe ni yule msee aliyeishika ikiwa mbichi, saa kumi na moja asubuhi, ukiwa bado umejifunika blanketi.

Kajiado ni kaunti ya mifugo. Ng'ombe na mbuzi wanatoka masoko kama Bissil, wanaishia vichinjioni Kiserian, Kitengela na hata kuvuka mpaka hadi Nairobi. Katikati ya hiyo safari kuna vijana wa rika letu: wachinjaji, wachuna ngozi, waosha matumbo, wabeba nyama. Wengi ni vibarua. Analipwa kwa siku ama kwa kichwa cha mnyama, kwa hivyo akichelewa kuvaa aproni, mwenzake ashamaliza wawili.

Sasa cheki vitu anakutana navyo. Ya kwanza ni bruselosisi, ile mtaani tunaita tu "brucella". Watu wengi wanajua inaletwa na maziwa mabichi. Wachache wanajua kwamba damu, kiwele, na hasa kizazi cha mnyama mwenye mimba vinaweza kukupatia, kupitia kidonda kidogo kwa kidole, macho, ama hata hewa unayovuta ukikata. Halafu ni mjanja. Dalili mara nyingi zinakuja wiki mbili hadi nne baadaye, wakati mwingine miezi: homa inayopanda na kushuka, jasho usiku, viungo kuuma, uchovu usioisha. Jamaa anaenda kemisti, anaambiwa ni malaria ama typhoid, anauziwa dawa, anarudi kazi. Hakuna anayeunganisha hiyo homa na yule ng'ombe wa mwezi uliopita. Na tiba yenyewe si ya siku tatu: kawaida ni antibiotiki mbili kwa wiki sita. Hesabu wiki sita za kibarua mwenye asipoenda kazi hali.

Ya pili ni kimeta, ambacho mbegu zake zinaweza kukaa kwa udongo miaka mingi zikingoja mnyama. Ya tatu ni Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliogunduliwa hapa hapa Kenya karibu na Naivasha miaka ya 1930. Mlipuko wa mwisho wa 2006 hadi mwanzo wa 2007 uliua zaidi ya watu 150 nchini. Mbu wanausambaza, ndiyo, lakini binadamu wengi huupata kwa kushika damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Serikali yenyewe inajua: ilipopanga magonjwa ya wanyama yanayoruka kwa binadamu mwaka wa 2015, kimeta kilikuwa namba moja, na bruselosisi na Homa ya Bonde la Ufa zilikuwa kwa tano bora.

Na usidhani Kajiado ni salama. Mwaka wa 2012 na 2013 watafiti walipima watu na mifugo yao Kajiado, Kiambu na Marsabit. Walichopata ni kwamba brucella ya mifugo na ya binadamu zinatembea pamoja. Kama iko kwa boma, iko njiani kuja kwa kichinjio.

Huko magharibi mwa Kenya, utafiti mwingine uliangalia vichinjio 142 na wafanyakazi 738. Karibu nusu ya wafanyakazi hawakuvaa nguo za kujikinga. Kichinjio kimoja tu kwa kila vitano kilikuwa na mahali pa kuosha mikono. Na ni asilimia 31 tu ya wafanyakazi waliosema mnyama anaweza kukupa ugonjwa. Huwezi kujikinga na kitu hujui kipo.

Hapa ndipo stori inakuwa noma. Ukitaka kufanya kazi na chakula Kenya, lazima uwe na cheti cha afya. Unapimwa, unalipa, na baada ya miezi sita unarudia. Poa. Lakini hicho cheti kinamlinda nani? Kinamlinda anayekula. Kinaangalia kama wewe utamwambukiza mteja. Hakiangalii kama mnyama amekuambukiza wewe. Mkaguzi wa nyama naye kazi yake ni nyama: anakagua maini, anakata tezi, anagonga muhuri. Mzoga unapata daktari na stempu. Msee aliyeuchuna anapata soo kadhaa na kwaheri.

Na si eti sheria haipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, ile OSHA, inasema inahusu mahali popote pa kazi, uwe wa kudumu ama wa muda. Kifungu cha 6 kinampa mwenye eneo jukumu la usalama wa watu wote wanaofanya kazi hapo ndani. Soma tena: watu wote. Kifungu cha 101 kinasema vifaa vya kujikinga, glavu, viatu na vinginevyo, vinatolewa na mwajiri. Kukiwa na watu 20 ama zaidi, lazima kuwe na kamati ya usalama. Na sheria ya fidia, WIBA, pia ya 2007, inatambua ugonjwa ulioupata kazini, si tu kukatwa kidole.

Kwa nini basi haifiki chini? Sababu ya kwanza ni mchezo wa "huyu si wangu". Mwenye kichinjio anasema kijana ni wa mfanyabiashara. Mfanyabiashara anasema yeye alileta ng'ombe tu. Kijana anabaki wa Mungu. Lakini kile kifungu cha 6 kinamaliza huo mchezo: anayesimamia eneo hawezi kusema hajui nani anachuna ndani ya geti lake.

Sababu ya pili ni serikali mbili. Huduma za mifugo na ukaguzi wa nyama ziko kwa kaunti. Usalama wa kazi uko kwa serikali kuu. Yule wa kaunti yuko kichinjioni asubuhi lakini si kazi yake kuuliza kuhusu glavu. Yule ambaye ni kazi yake yuko ofisini mbali.

Dunia nayo imeamka. Juni 2025, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 192, wa kwanza kabisa wa kimataifa kuhusu hatari za kibiolojia kazini. Korona ilifunza kila mtu kwamba kazini ni mahali pa kuambukizwa. Lakini mkataba hauna meno mpaka nchi iuridhie, na hata ikiuridhia, bado mtu lazima afike Kiserian aulize maji yako wapi.

Sasa kuna wale watasema glavu zinateleza na kisu, zinapunguza spidi. Ni kweli kwa zile nyepesi za hospitali. Ndiyo maana glavu si jibu la kwanza. La kwanza ni mnyama mgonjwa ama aliyetoa mimba kutoingia laini, na hiyo inahitaji akaguliwe akiwa hai. La pili ni maji, sabuni na mzoga kuning'inizwa badala ya kuchunwa chini. Halafu ndiyo gambuti, aproni na glavu nzito. Na nguo za kazi zenye damu zibaki kazini, zisioshwe kwa beseni moja na za mtoto.

Kama wewe ni mmoja wa hao wasee, rada ni hii: kidonda kifunike kabla ya kuingia, usikate kizazi kwa mikono mitupu, na ukipata homa inayorudi rudi, mwambie daktari kazi yako kabla hajaandika malaria. Omba upimwe brucella, na uweke karatasi zote. Siku ya kudai fidia, hizo karatasi ndizo zitaongea.

Na kaunti ikitaka kuanza bila bajeti kubwa, mkaguzi yuko pale tayari. Mpeni fomu ya pili. Akimaliza kuandika hali ya mzoga, aandike pia kama kulikuwa na maji, sabuni na gambuti. Kichinjio kikikosa, siku hiyo hakuna muhuri. Uone kama hizo gambuti hazitapatikana kabla ya saa sita.